Kisumu Haihitaji Kreni za Mombasa

Bandari ya Kisumu ikitajwa jukwaani, maneno "mitambo ya kisasa" hayako mbali. Mwanasiasa huyatamka, umati hupiga makofi, na hakuna anayeuliza ni mitambo gani, inyanyue nini, wala nani ataketi kwenye usukani wake. Kwa wakazi wa Kaloleni maswali hayo ni ya unga na karo. Mtaa huo wa zamani, katika wadi ya Shaurimoyo Kaloleni, eneobunge la Kisumu ya Kati, uko karibu na bandari kiasi kwamba kijana anaweza kwenda kibaruani kwa miguu. Kazi ikiongezeka gatini, Kaloleni itajua kabla ya Nairobi. Ikikauka pia.

Kisumu inahitaji mitambo michache ya kunyanyulia makontena: yenye nguvu, iliyotunzwa, iliyowekwa juu ya sakafu inayoistahimili. Kazi kubwa ya kuvusha mizigo iachiwe magurudumu ya reli, kama ilivyoanzishwa miaka ya 1960. Anayeitakia Kisumu safu ya kreni ndefu kama zile za Kilindini, Mombasa, anaitakia bahari, na hapa ni ziwani.

Kontena lenyewe lilienea duniani kwa sababu lilipunguza kunyanyua. Tarehe 26 Aprili 1956 meli kuukuu ya mafuta, Ideal X, iliondoka Newark, jirani na New York, kuelekea Houston ikiwa na masanduku 58 ya chuma juu ya sitaha. Mwenye wazo hilo, Malcom McLean, hakuwa baharia. Alikuwa tajiri wa malori kutoka North Carolina, na alitaka mzigo ufungwe mara moja, usiguswe tena hadi ufike kwa mwenyewe. Baadaye mataifa yalikubaliana juu ya vipimo: futi 20 na futi 40, na kila pembe iwe na kipande cha chuma chenye tundu la umbo na ukubwa uleule. Ndiyo sababu mtambo uliotengenezwa Finland au China hulishika kontena la nchi yoyote bila mtu kupima chochote. Ndiyo sababu pia kila mara kontena linapoinuliwa kutoka hapa na kuwekwa pale, kuna anayetuma ankara.

Mombasa inalipa ankara hizo kwa wingi, na ina haki. Mwaka 2024 bandari hiyo ilipitisha zaidi ya makontena milioni mbili kwa hesabu ya futi 20. Kituo chake cha pili cha makontena, kilichojengwa kwa mkopo wa Japani, kilianza kazi mwaka 2016. Meli inayotia nanga hapo hushusha mamia kwa mamia ya makontena kwa mkupuo mmoja, huku mwenye meli akihesabu gharama ya kila saa anayokaa gatini. Kreni ya gati inayoteleza juu ya reli zake na kufika upande wa pili wa meli ina kazi ya kutosha usiku na mchana. Mahali pa aina hiyo kreni ghali hujilipa.

Sasa iangaliwe meli ya ziwani. MV Uhuru II ilibuniwa na kampuni ya Damen ya Uholanzi na kuundwa Kisumu na Kenya Shipyards Limited, shirika lililo chini ya jeshi. Ina urefu wa mita 100 na hubeba mabehewa 22, mzigo wa tani 1,800 hivi. Behewa moja la reli ya zamani hubeba kontena moja la futi 40 au mawili ya futi 20. Ikijaa makontena madogo, yaani 44, hiyo ndiyo shehena nzima. Mwendeshaji mzoefu wa mtambo mmoja wa yadi hunyanyua makontena 15 kwa saa bila kukimbizana. Kwa hiyo meli kubwa kuliko zote za mizigo upande wa Kenya ingemalizwa na mtambo mmoja kwa muda usiofika saa tatu, kisha mwendeshaji akaenda kula samaki.

Na kwa kweli, meli hiyo haihitaji kumalizwa na mtambo wowote.

Uzuri wake uko hapo. Reli ya Uganda ilifika ukingoni mwa ziwa Desemba 1901, mji ukiitwa Port Florence, na kwa miongo kadhaa mzigo ulishushwa kutoka kwenye behewa na kupakiwa melini kwa mikono ya makuli. Katikati ya miaka ya 1960 Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki likaleta meli mbili kutoka kiwanda cha Yarrow cha Glasgow, MV Umoja na MV Uhuru. Zilisafirishwa vipande vipande na kuungwa Kisumu. Sitaha zao zina reli. Behewa husukumwa kutoka nchi kavu, likapita kwenye daraja linalopanda na kushuka kulingana na kina cha maji, likaingia melini na kufungwa kwa minyororo. Upande wa pili, Port Bell au Mwanza, kichwa cha treni hulivuta na safari ikaendelea.

Maana yake ni kwamba kontena lililopandishwa behewani Kilindini liliweza kufika Kampala bila kuguswa tena. Kilomita zaidi ya elfu moja, ziwa moja, mpaka mmoja, na hakuna hata kunyanyua kumoja katikati. Hakuna bandari ya Ulaya ambayo ingeona aibu kwa mpango huo.

Mpango ulikufa, lakini haukuuawa na ukosefu wa kreni. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, Kenya ikabaki na Uhuru, Tanzania ikabaki na Umoja. Uganda ikanunua meli zake tatu kwenye miaka ya 1980: Kabalega, Pamba na Kaawa. Mei 2005 Kabalega na Kaawa ziligongana ziwani na Kabalega ikazama. Reli ikadhoofika, ikakodishwa kwa Rift Valley Railways, na mkataba huo ukavunjika mwaka 2017. Gugumaji likafunika ghuba ya Winam. MV Uhuru ilikaa zaidi ya miaka kumi bila kuvusha kitu, hadi ilipokarabatiwa na kuanza tena safari za Port Bell mwishoni mwa 2019 ikiwa na mabehewa ya mafuta. Tanzania ilikuwa imetangulia: Umoja ilirudi kwenye njia ya Mwanza na Port Bell mwaka 2018.

Kwa nini basi kuzungumzia mitambo ya kunyanyua hata kidogo? Kwa sababu ya upana wa reli. Reli ya zamani ina upana wa milimita 1,000. Ile mpya, SGR, ina milimita 1,435. SGR ilifika bohari ya Naivasha mwaka 2019. Kontena linaloletwa nayo hushushwa hapo na kupandishwa lori au behewa la reli ya zamani ili liendelee kuelekea magharibi. Sehemu ya Nakuru hadi Kisumu, kilomita 217, ilikarabatiwa ili kazi hiyo iwezekane. Hapo Naivasha ndipo mtambo unapolipwa leo. Siku SGR ikivutwa hadi Kisumu, kama serikali moja baada ya nyingine ilivyoahidi, makutano hayo ya reli mbili yatahamia ukingoni mwa ziwa, maana behewa la SGR haliwezi kuingia kwenye sitaha yenye reli nyembamba. Kila kontena litalazimika kuinuliwa Kisumu. Vilevile kuna mzigo wa malori, na mzigo wa meli na mashua za kawaida zisizo na reli sitahani, zinazokwenda Musoma, Bukoba na visiwani. Huo hauvuki kwa behewa.

Mtambo unaofaa kazi hiyo ni ule ambao watu wa bandari huuita richistaka. Ni gari lenye magurudumu makubwa, dereva akiwa ndani ya kibanda cha vioo, na mkono mmoja mnene unaorefuka na kuinuka kama shingo ya korongo. Mwishoni mwa mkono kuna fremu inayotanuka kutoka futi 20 hadi 40. Kwenye pembe zake nne kuna vifuli vinavyoshuka ndani ya matundu ya kontena na kugeuka robo duara. Taa ikionyesha kwamba vyote vinne vimefunga, mzigo hupanda. Kifuli kimoja kikigoma, dereva mwenye akili hashindani nacho.

Tofauti na kreni ya gati, richistaka haifungwi na reli. Inaweza kushusha kontena kwenye behewa asubuhi, kupanga yadi mchana na kupakia lori jioni. Nyingi hunyanyua tani 45 kwenye safu ya kwanza, zaidi ya tani 30 ambazo kontena la kawaida linaruhusiwa kufikia likiwa limejaa, na hupanga hadi makontena matano kwenda juu. Ikinyoosha mkono kufikia safu ya pili au ya tatu, uwezo unashuka haraka, kwa sababu uzito unahama mbele na mtambo unaweza kubinuka. Jambo hilo hujulikana kwa kila mwendeshaji na husahauliwa na kila meneja mwenye haraka.

Ubaya wake uko chini ya magurudumu. Richistaka yenyewe, ikiwa mikono mitupu, ina uzito wa tani 70 hivi. Ikibeba kontena zito mbele, ekseli ya mbele peke yake hubeba karibu tani 100. Sheria ya Afrika Mashariki inairuhusu ekseli moja ya lori yenye magurudumu manne kubeba tani 10, na lori zima lenye ekseli saba tani 56. Yaani yadi ya makontena inapigwa, pahali padogo tu, kwa uzito ambao barabara ya Kisumu–Busia hairuhusiwi kuuona. Lami ya kawaida huzama. Sakafu inayotakiwa ni ya zege nene au matofali maalumu juu ya msingi ulioshindiliwa kwa kina.

Kisumu ina sababu zake za kuwa mwangalifu. Sehemu kubwa ya mji na nyanda za Kano ina ule udongo mweusi unaovimba kwa mvua na kupasuka kwa kiangazi, na mtu yeyote aliyejenga nyumba Manyatta au Nyalenda anaufahamu kwa nyufa za kuta zake. Ziwa nalo halitulii. Mwaka 2020 maji ya Nam Lolwe, yaani Ziwa Victoria, yalipanda kufikia kiwango ambacho hakikuwahi kurekodiwa, yakameza mialo na kuwafukuza watu majumbani, na mwaka 2024 yakapanda tena. Ukarabati wa bandari ulioanza mwaka 2019, ulioripotiwa kugharimu takriban Sh3 bilioni, ulirekebisha gati, sakafu na reli za ndani. Kabla ya kununua mtambo wa tani 70, mhandisi aseme hadharani ni eneo gani la yadi linaweza kuubeba, na maji yakipanda tena mita moja litakuwa wapi.

Kuna jambo la upepo pia, ambalo watu wa bara hulipuuza. Biashara ya eneo hili inaingiza zaidi ya inavyotoa, kwa hiyo makontena mengi hurudi pwani yakiwa matupu. Kontena tupu la futi 40 lina uzito wa tani nne tu au pungufu, lakini ubavu wake ni tanga kubwa la chuma. Dhoruba za jioni za ghuba ya Winam, zenye mvua ya mawe na upepo wa ghafla, wavuvi wa Dunga hawazichezei. Bandari nyingine hupanga makontena matupu saba au nane kwenda juu ili kuokoa nafasi. Kisumu ina nafasi. Iyapange chini, na iyafunge.

Tukija kwenye ununuzi, kosa la kawaida ni kununua mtambo mmoja. Richistaka mpya inauzwa makumi ya mamilioni ya shilingi, na mhasibu ataona ya pili ni anasa kwa bandari ndogo. Ni kinyume chake. Bandari yenye mtambo mmoja hufungwa siku bomba moja la mafuta ya haidroliki linapopasuka, na bomba hilo hupasuka Ijumaa jioni. Tairi lake ni refu kuliko mtoto wa darasa la pili na halipatikani katika duka lolote la Oginga Odinga Street. Kipuri kikitoka Mombasa, siku mbili. Kikitoka nje ya nchi, wiki. Kwa muda wote huo behewa linasubiri, lori linasubiri, na mteja wa Kampala anampigia simu wakala wake amwambie safari ijayo apitishe Malaba. Bora mitambo miwili ya aina moja, yenye vipuri vya aina moja, hata ikiwa iliyotumika na kukarabatiwa vizuri, kuliko mmoja unaong'aa na kupigwa picha na wakubwa.

Upande wa pili wa ziwa nao usisahauliwe. Kisumu ina somo lake karibu kabisa, linaonekana kutoka majini: gati ya mafuta ya Kenya Pipeline. Ilikamilika mwaka 2018 kwa gharama ya takriban Sh1.7 bilioni, kisha ikakaa miaka kadhaa bila kupakia meli, kwa sababu ghala la kupokelea mafuta upande wa Uganda halikuwa tayari. Kontena linaloinuliwa Kisumu kuwekwa kwenye meli isiyo na reli lazima likute mkono wa kulishusha Port Bell au Mwanza. Mawaziri wa nchi hizi tatu hukutana mara nyingi vya kutosha. Ratiba ya mitambo ingeweza kuingizwa kwenye ajenda kabla ya chakula cha mchana.

Halafu kuna watu. Kufufua bandari na reli hakukuwa bure kwa majirani zake. Vibanda vya samaki vya Lwang'ni, vilivyowalisha wakazi na wageni kwa miaka mingi, vilibomolewa. Februari 2021 jamii ya Wanubi wa Kibos, wakiwemo wazee waliozaliwa hapohapo, ilibomolewa nyumba kwenye ardhi ambayo Shirika la Reli lilidai ni yake. Ndugu na jamaa zao wako Kaloleni. Watu hao wana haki ya kuuliza reli na bandari hiyo iliyofufuliwa imewaajiri wangapi, na kwa kazi gani. Kubeba magunia ya mbolea ni kazi ya heshima, lakini kontena likishika kasi magunia yatapungua, kama yalivyopungua Kilindini. Wapakiaji wa leo ndio wa kwanza kupoteza, na hakuna haja ya kuwaficha.

Kuendesha richistaka hujifunzwa kwa miezi, si kwa miaka. Inahitaji macho mazuri, subira, na mtu anayeelewa kwamba mzigo ulio juu una tabia tofauti na mzigo ulio chini. Bandari Maritime Academy ya Mombasa inafunza waendeshaji wa mitambo ya bandari. Kisumu National Polytechnic iko mjini hapahapa na tayari inafunza mafundi wa magari na umeme, na haidroliki ni hatua moja mbele. Wapakiaji waliopo gatini wangepewa nafasi za kwanza za mafunzo kabla mtambo haujaagizwa, si baada ya kufika, maana tabia ya mashirika yetu ni kuleta waendeshaji kutoka pwani "kwa muda", na muda huo huwa hauna mwisho. Mwendeshaji aliyezaliwa Kaloleni ana faida nyingine ambayo haionekani kwenye cheti: upepo ukigeuka saa kumi jioni, anajua.

Wapo watakaosema huu ni woga, kwamba bandari hujengwa kubwa kwanza na mzigo hufuata. Hoja hiyo ina mifano yake duniani. Lakini mzigo wa ziwani una washindani. Mafuta yamekwisha kupata njia na meli yake. Malori yanapita Malaba na Busia mchana na usiku. Oktoba 2024 Uganda ilitia saini na kampuni ya Yapi Merkezi ya Uturuki mkataba wa kujenga SGR ya kilomita 272 kutoka Malaba hadi Kampala. Reli hiyo ikikamilika, na Kenya ikifika Malaba na yake, kontena la Kampala litakuwa na njia ya nchi kavu isiyo na kunyanyua kumoja katikati, sifa ileile iliyokuwa ya Kisumu. Kreni ya mabilioni iliyosimikwa ukingoni mwa ghuba haitamshawishi mwenye mzigo aongeze gharama mbili za kunyanyua ili aione.

Kitakachobaki kwa Kisumu ni kile ambacho reli ya Malaba haiwezi kufikia: Mwanza, Musoma, Bukoba, visiwa, na mzigo wa magharibi mwa Kenya yenyewe, sukari, mchele wa Ahero, mbolea na saruji. Si mzigo mdogo. Unatosha kuzishughulisha richistaka mbili, folklifti kadhaa na meli mbili za mabehewa, mradi bei ya kunyanyua itangazwe, idadi ya makontena yaliyonyanyuliwa kila mwezi ichapishwe na Mamlaka ya Bandari, na zabuni ya mitambo iwe na bajeti ya vipuri vya miaka mitatu na orodha ya majina ya waliofunzwa kuiendesha.